Mwongozo kamili: kufundisha kwa video, picha na simu darasani bila kipindi kuliwa na waya (hata umeme ukikatika)

Kipindi cha dabo, dakika 80, kidato cha pili, wanafunzi 74, mada ni moyo na mzunguko wa damu. Nikaazima projekta, nikaweka video ya dakika 45 nzima, mzungu anaongea Kiingereza cha puani, nikazima taa afu nikakaa pembeni nasahihisha madaftari yangu nikijiona mwalimu wa kisasa kweli kweli. Dakika ya kumi kule nyuma wameshaanza kulala, dakika ya ishirini na kitu umeme ukakatika, ndo ikawa mwisho wa somo. Kesho yake nauliza vali za moyo zina kazi gani, kimya, mpaka kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, yule mzungu alikuwa anaongea haraka."

Tangu siku ile nimebadilisha karibu kila kitu. Siku hizi video yangu ndefu ni dakika tatu, mara nyingi ni sekunde 50, na sauti karibu kila mara nazima, anayeongea ni mimi na wao. Nawaandikia hapa hatua kwa hatua navyofanya, mi nafundisha Bayolojia na Jiografia huku Temeke, shule ya serikali ya kawaida tu, hamna maabara ya kompyuta, hamna ubao janja, kwa hiyo kama wewe una hali kama yangu utaelewana na mimi haraka.

Hatua ya 1: Anza na andalio la somo, simu iache mfukoni kwanza

Chukua andalio lako, soma mada ndogo, jiulize swali moja tu: hapa chaki inashindwa nini? Chaki inashindwa vitu vichache. Inashindwa kitu kinachotembea (vali inafunguka na kufunga), kitu kidogo sana (seli, mistari ya vernia, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo), kitu kikubwa au cha mbali (bonde la Mto Msimbazi ukiliangalia kutoka juu), na kitu kinachoenda polepole sana au haraka sana mpaka jicho halikioni (harage linaota, tone la maji linadondoka). Kama mada yako haimo humo, acha projekta ofisini, mchoro wako wa ubaoni unatosha na pengine ni bora zaidi maana wanafunzi wanaona unavyojengwa mstari kwa mstari.

Na hapa niseme wazi, kuweka notisi kwenye slaidi ili wanafunzi wanakili sio teknolojia, huo ni ubao wa bei mbaya unaotumia umeme. Vibaya zaidi ni pale mwalimu anapojaza maneno kwenye slaidi afu anayasoma yote kama yalivyo. Kuna profesa wa saikolojia Marekani, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio ya namna hii kwa miaka mingi, na moja ya aliyoyaona ni kwamba picha ikisindikizwa na maelezo ya mdomo watu wanaelewa vizuri kuliko picha ile ile, maelezo yale yale, na juu yake maandishi ya maneno yale yale. Macho yanahangaika yasome au yaangalie picha. Kwa hiyo kwenye skrini weka picha, maneno sema mwenyewe, yale magumu ya msamiati andika ubaoni pembeni kwa chaki. Ndio, chaki na projekta vinakaa pamoja bila ugomvi.

Hatua ya 2: Jua vifaa ulivyonavyo vinafika wapi

Wengi tunaanza kulalamika hatuna vifaa wakati kabati la mkuu wa shule lina TV haijawahi kuwashwa tangu mahafali. Zunguka uulize. Wengi wetu tuna vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu baada ya sensa kuisha, simu yako unayo, na mtaaluma huenda ana laptopu. Hapo tayari una pa kuanzia.

Sasa kuhusu ukubwa, hesabu hii itakuokoa. Ili mtu asome maandishi na kuona vitu vidogo vidogo kwenye picha, asikae mbali zaidi ya mara sita ya urefu wa skrini, yaani urefu wa kwenda juu. TV ya inchi 55 ina kama sentimita 68 kwenda juu, zidisha mara sita unapata mita 4 hivi. Darasa letu kutoka ubaoni mpaka ukuta wa nyuma ni mita 8 au 9. Maana yake nusu ya darasa haioni kitu, wanaitikia tu "ndio madam" kwa heshima. TV ya inchi 43 ndo kabisa, ni mita 3 na kidogo. Dawa yake sio lazima kununua kubwa: nusu ya darasa wanakuja mbele wanakaa kwenye madawati matatu kwa matatu na wengine wanasimama pembeni, nusu nyingine wanafanya zoezi, afu mnabadilishana. Klipu ni sekunde 50 jamani, hata ukiirudia mara nne hujamaliza dakika tano.

Projekta inatoa picha kubwa lakini ina mtego wake. Ukiisogeza nyuma ili picha iwe pana mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo mara nne, kwa hiyo mng'ao unabaki robo. Ndo maana picha ikijaa ukuta mzima inakuwa kama maji ya mchele. Bora picha ya mita moja na nusu kwenda juu inayoonekana kuliko ya mita tatu iliyopauka.

Kama shule inataka kununua na wewe ndo umetumwa Kariakoo, usidanganywe na namba ya kwenye boksi. Zile ndogo za bei rahisi zinaandikwa lumeni 9000, lumeni 12000, ni maneno ya boksi tu, uliza ANSI lumens (mwanga uliopimwa kwa kipimo rasmi) ni ngapi. Kwa darasa lisilo na mapazia mazito tafuta 3000 kwenda juu. Afu "inasapoti 1080p" sio sawa na kuwa na 1080p (hiyo ni namba ya ukali wa picha), inasapoti maana yake inapokea tu ile video afu inaipunguza, muulize muuzaji resolusheni halisi, native, ni ngapi. Mwambie aiwashe pale pale dukani taa zikiwa zinawaka, fungua ukurasa wenye maandishi madogo, angalia pembe nne za picha, kama katikati panasomeka na pembeni pana ukungu, mrudishie kwa adabu. Na uliza matundu ya waya wa picha: HDMI ipo? VGA ipo? Laptopu nyingi mpya hazina VGA kabisa na projekta nyingi za zamani mashuleni zina VGA peke yake, hiyo adapta inunue siku hiyo hiyo usije ukarudi na boksi lisilowasha chochote.

Hatua ya 3: Giza, sauti na waya

Jua la Dar halina utani. Usielekeze picha kwenye ukuta unaotazamana na madirisha, tumia ukuta wa pembeni yake hata kama itabidi madawati yageuzwe. Mapazia tumeshachangishana kanga na mashuka, dirisha mbili za karibu na skrini zikizibwa inatosha, usizibe zote mtakufa na joto. Ukuta wetu ni wa krimu uliochubuka, tukapaka nyeupe isiyong'aa sehemu moja tu ya mita mbili kwa moja na nusu, skrini ndo hiyo hiyo mpaka leo.

Laptopu ukishachomeka ikagoma kuonyesha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, chagua Duplicate. Asilimia kubwa ya aibu za mbele ya darasa zinaishia hapo.

Kama huna laptopu unatumia TV na flashi, sikiliza hii kwa makini maana imenitesa mwaka mzima: TV nyingi zinasoma vizuri MP4 ya aina ya H.264 (namna video ilivyobanwa), zikikutana na H.265 au aina nyingine zinakuandikia faili halifunguki au zinacheza picha bila sauti. Na flashi iwe imeformatiwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi faili) ndo TV karibu zote zinaitambua, ila faili moja lisizidi GB 4, na kwa klipu zetu hizi hutafika huko. Video ikigoma, programu ya bure inaitwa HandBrake inaibadilisha kwenda MP4 ya H.264, unaiacha ifanye kazi usiku.

Sauti mi situmii sana, ila pale inapohitajika (milio ya ndege, sauti ya mapigo ya moyo ile lab-dab ambayo ni vali zinavyofunga) spika ya TV haitoshi watu 70 na feni juu. Sabufa ndogo yenye waya wa kawaida wa spika inafanya kazi bila usumbufu wa bluetooth kukatakata.

Hatua ya 4: Kutafuta na kukata

Pakua nyumbani au ofisini, usije ukategemea bando darasani. Kwa makadirio video ya 360p inakula kama MB 5 kwa dakika na 480p kama MB 8, kwa skrini yetu 480p inatosha sana, 1080p ni kuchoma bando kwa kitu ambacho projekta yenyewe haiwezi kuonyesha.

Navyoanza mimi ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuna vitabu vya kiada vya mtaala wetu, nakata mchoro ule ule ulioko kwenye kitabu cha mwanafunzi ili asichanganyikiwe kuona majina tofauti. Video nyingi za bure za kutumia kihalali ziko Wikimedia Commons, ila nyingi ni faili za aina ya WebM, kwenye laptopu zinacheza na programu ya VLC, kwa TV pitisha HandBrake. YouTube kuna kichujio cha Creative Commons (leseni inayoruhusu wengine kutumia), tumia hicho. Na elewa kwamba video ukiipakua ndani ya app ya YouTube haitoki kwenye hiyo simu, huwezi kuihamishia kwenye flashi, kwa hiyo ipange kuonyeshwa kutoka kwenye simu hiyo hiyo.

Walimu wa Fizikia na Kemia nyie mmebarikiwa, kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman baada ya kupata Nobel ya Fizikia 2001. Sio video, ni majaribio unayoyachezea: unaunga betri, waya na balbu, unaona elektroni zinatembea, unaongeza ukinzani zinapunguza mwendo. Kila jaribio la HTML5 unalipakua kama faili moja, unalifungua kwenye Chrome bila intaneti kabisa, na baadhi yametafsiriwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja anakuja mbele anashika mausi, wenzake wanamwelekeza aunge wapi. Kelele itakuwepo, acha iwepo.

Ukishapata video, ikate. Tazama nzima mwenyewe kwanza ukiwa na karatasi, andika dakika na sekunde ambapo kile kitu chaki ilichoshindwa kinaonekana. Kwenye video ya dakika 45 ya moyo mi nilichohitaji kilikuwa kati ya 17:10 na 18:00. Hiyo tu! Galari za simu nyingi zina sehemu ya kukata, unavuta mwanzo na mwisho, unasevu kama nakala mpya, kwisha.

Hatua ya 5: Rekodi yako mwenyewe, hapa ndo penye utamu

Klipu zilizowahi kuwasha darasa langu kuliko zote hazikutoka mtandaoni. Jumamosi moja nilikuwa Soko la Samaki Feri nanunua changu, nikamwomba muuzaji anifunulie matamvua niyarekodi kabla hajampaa, sekunde 20, simu naishika karibu, mwanga wa asubuhi. Jumatatu nimeweka ile klipu kwenye mada ya upumuaji, watoto wa hapa wanajua "samaki mbichi matamvua yake mekundu" tangu wanazaliwa ila hakuna aliyewahi kujiuliza mekundu kwa nini. Ukiwauliza hapo, wanajibu wenyewe kabla ya kitabu: damu nyingi, mishipa iko juu juu, oksijeni inachukuliwa pale. Mzungu wa video gani ataniletea hiyo?

Mwenzangu wa Fizikia anafundisha inesha (kitu kinavyokataa kubadili mwendo wake) kwa basi la mwendokasi. Amekaa kwenye basi akarekodi vile vishikio vinavyoning'inia juu (vishikio, sio sura za abiria), dereva akifunga breki vyote vinakwenda mbele kwa pamoja, akiondoka vinarudi nyuma. Sekunde 15. Kila mtoto amewahi kurushwa mbele pale Magomeni au Kimara, kwa hiyo sheria ya kwanza ya Newton wanakuwa wameshaisikia mwilini.

Vitu polepole: weka maharage kwenye pamba ndani ya glasi, simu au kishikwambi kikae juu ya tofali sehemu moja, chora alama kwa chaki kisisogee, piga picha moja kila asubuhi na moja kila jioni kwa wiki mbili. Ukizipitisha picha zote haraka haraka kwenye galari tayari ni filamu, mzizi unashuka kwanza, shina linafuata, na monita akipewa jukumu la kupiga hizo picha hatakosa hata siku moja. Vitu vya haraka: simu nyingi siku hizi zina slo-mosheni ya fremu (picha) 120 au 240 kwa sekunde, rekodi mpira unadunda mbele ya rula ya mita iliyosimamishwa ukutani, darasani simamisha kwenye kila mdundo wasome umefika sentimita ngapi.

Ushauri wa kurekodi ni mfupi: simu ilale kwa upana, isitikisike (egemeza kwenye chupa au tofali), mwanga utoke nyuma yako, usizungumze, usizidishe dakika moja.

Jiografia mnisikilize, Google Earth Pro ya kompyuta ni ya bure tangu 2015 na ina kitufe chenye alama ya saa kinachokurudisha kwenye picha za miaka ya nyuma. Nenda bonde la Msimbazi, Jangwani mpaka Daraja la Salender, angalia makazi na mkondo wa mto miaka tofauti, hifadhi kila picha kama faili, darasani unazipitisha moja baada ya nyingine bila intaneti. Wanafunzi wangu wengine wana ndugu waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kwa hiyo "madhara ya ujenzi kwenye uwanda wa mafuriko" sio sentensi ya kukariri tena, ni kwa shangazi yake. Nyingine nzuri ni Kigamboni kabla na baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa 2016, waambie wahesabu nyumba kwenye mraba ule ule.

Hatua ya 6: Geuza simu iwe jicho la darasa zima

Hii ndo iliyonibadilishia maisha kuliko video. Unafundisha kusoma vernia kaliper, ipo moja, wanafunzi 74, mnapita mstari kila mtu anachungulia sekunde tatu na hajaona kitu. Badala yake weka simu juu ya vitabu vilivyopangwa, kamera ichungulie chini, kwenye skrini kubwa wote wanaona mstari upi umelingana na upi. Nimeitumia kwa kupasua chura, kwa kusoma meniskasi (mpindo wa uso wa kimiminika) kwenye bureti, hata kusahihisha daftari la mwanafunzi (kwa ruhusa yake) mbele ya wote.

Jinsi ya kuunga kwa simu ya Android na laptopu ya Windows bila intaneti: pakua programu inaitwa scrcpy, inaonyesha kioo cha simu kwenye laptopu, ni ya bure, haina matangazo, unafungua zipu tu. Kwenye simu nenda mipangilio, sehemu ya About phone, gonga Build number mara saba mpaka ikwambie umekuwa developer (hongera), rudi tafuta Developer options, washa USB debugging. Chomeka waya wa USB, na uwe wa data, maana kuna waya za kuchaji tu zitakuumiza kichwa bure. Fungua scrcpy kwenye laptopu, simu itakuuliza unakubali, kubali. Kioo chako kinatokea kwenye laptopu na laptopu iko kwenye projekta. Fungua kamera, kwisha. Ukimaliza kazi zima hiyo USB debugging, usiiache wazi.

Wengine watakwambia nunua waya wa kutoka tundu la chaji kwenda HDMI. Inafanya kazi kwa simu chache zenye uwezo wa kutoa video kwenye USB-C, nyingi za bei yetu hazina, jaribu dukani kabla ya kutoa hela.

Na kabla hujaunga weka simu kwenye hali ya ndege! Mimi katikati ya kupasua chura ilishuka meseji juu ya skrini ya mita moja na nusu: "Dada yangu mchezo wa wiki hii mbona kimya, kijumbe anakuulizia." Darasa zima lilisoma kwa sauti. Mpaka leo nikichelewa kuingia kipindi kuna anayenong'ona kijumbe amempata.

Hatua ya 7: Tafuta picha inadanganya wapi

Hatua hii sijaona watu wakiizungumzia na mi naona ndo ya muhimu kuliko waya zote. Kila picha ya kufundishia ina uongo ndani yake, uongo wa nia njema, ila mwanafunzi haujui. Michoro ya moyo inapaka damu isiyo na oksijeni rangi ya bluu. Baada ya kipindi kimoja msichana aliniuliza kama mtu akichomwa upande wa kulia atatoka damu ya bluu, na wenzake hawakucheka, walikuwa wanasubiri jibu. Damu hiyo ni nyekundu iliyokolea tu. Tena upande wa kushoto wa moyo kwenye mchoro uko kulia kwako unapoangalia, kwa sababu unamwangalia mtu anayekutazama. Usipowaambia, mtihani utawaambia.

Mfumo wa jua ndo balaa. Video zote zinaonyesha sayari zimepangana kama vitumbua kwenye sinia. Ukweli ni kwamba Jua lina kipenyo mara 109 hivi ya Dunia. Mi nikishaonyesha ile klipu nazima, natoa balungi kwenye mfuko, hilo ndo Jua, sentimita 11 hivi. Dunia basi ni chembe ya mchanga ya milimita moja, inashikwa na mwanafunzi kwenye kidole. Akae umbali gani? Wanasema hapo kwenye dawati la pili. Natoka nao nje tunahesabu karibu mita 12, mpaka kwenye mwarobaini. Hiyo klipu niliyoonyesha mwanzo wanairudia kuiangalia wakicheka, wanaona wenyewe ilipodanganya. Kwa hiyo kwenye andalio lako ongeza mstari mmoja: "picha hii inakosea wapi", jaza kabla hujaingia.

Hatua ya 8: Kipindi chenyewe

Turudi kwenye moyo, klipu ya sekunde 50, nieleze navyoifanya sasa hivi.

Kabla ya kuwasha chochote, kila mtu anachora mshale kwenye daftari damu inaenda wapi ikitoka ventrikali ya kushoto (ventrikali ni vyumba vya chini vya moyo, auriko vya juu), na anaandika sentensi moja: vali ikichanika kitatokea nini. Lazima abashiri kwanza, akishabashiri anaangalia kwa uchu kutaka kujua kama kapatia. Usipomfanya abashiri anaangalia kama anavyoangalia tangazo la sabuni.

Mara ya kwanza inacheza yote, bila sauti, mimi kimya. Nauliza tu mmeona nini, na napokea hata majibu ya kipuuzi. Mara ya pili naipunguza mwendo, kwenye VLC ni kitufe cha [ kupunguza na = kurudisha kawaida, na herufi E inasogeza fremu moja moja, nasimamisha pale vali zimefunga. Hapo ndo tunakaa. Dakika tano nzima kwenye picha iliyosimama, nani aje aonyeshe vali kwa fimbo, hii inazuia damu kurudi wapi, sasa rudi kwenye sentensi yako ya vali iliyochanika, urekebishe au uiache? Mara ya tatu mwanafunzi mmoja anasimama anaitangaza kama mtangazaji wa redio kwenye mechi ya Simba na Yanga, "damu inaingia auriko ya kulia, inapenya, inashuka ventrikali, vali inafunga hapo, hakuna kurudi nyuma!", Kiswahili na Kiingereza vichanganyike tu, akikosea kikosi cha nyuma kinampigia filimbi. Maneno ya mtihani kwa Kiingereza nayaandika ubaoni wakati anatangaza. Zima projekta, washa taa, wachore upya bila kuangalia.

Yote hiyo ni dakika kama 25 kwa sekunde 50 za video. Kipindi kinachobaki ni maswali na notisi kama kawaida.

Umeme, na watoto wenyewe

Umeme utakatika, andalia somo lako ukiamini hivyo. Vishikwambi viwili vitatu vya walimu wenzako vilivyochajiwa vikiwa na klipu ile ile, kikundi cha watu kumi kwa kila kimoja, dakika tano tano, wengine wanachora, mnazunguka. Ni kelele zaidi ila wanaona vizuri kuliko hata kwenye projekta. Projekta yenye taa ya moto isichomolewe ghafla, bonyeza kuzima subiri feni isimame, na kama shule ina UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) hata ndogo iwe ya projekta sio ya printa, maana kukatika ghafla ndo kunaua taa.

Ukirekodi wanafunzi, ile video ni ya darasani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa yake, kwa hiyo kumpandisha statasi anapokosea jibu hapana, hata kama inachekesha. Rekodi mikono, madaftari, chura. Ukitaka sura, pata ruhusa ya mzazi na mkuu wa shule kwanza.

Faili zipe majina utakayoyakumbuka mwakani, kidato, somo, kitu, sekunde, mfano "k2-bayo-vali-50", sio "VID_2231". Nazo ziweke kwenye flashi mbili, moja ibaki nyumbani, maana hiyo ya pili ipo siku mtu wa ofisini ataiomba dakika tano tu akaprinti kitu stesheneri, na itarudi imejaa virusi, klipu zako zote zimegeuka shotikati.